Kodi moja, programu 31: kisa cha prosija ya pamoja katika RPG

Bajeti ya Juni 2016 ilipopita, ada za huduma za kibenki Tanzania ziliwekewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, kuanzia 1 Julai. Riba haikuguswa. Zilizoguswa ni ada: ya kutoa pesa, ya kuhamisha, ya kitabu cha hundi, ya kuchapa taarifa ya akaunti. Huko nje watu walibishana mzigo huo aubebe nani, benki au mteja. Sisi wa chumba cha kompyuta, katika benki moja ya Dar es Salaam, tulikuwa na swali dogo zaidi lililotunyima usingizi: hizi ada zinakokotolewa wapi?

Mashine yetu ilikuwa IBM i, mfumo wa kompyuta wa IBM kwa ajili ya biashara, ingawa hakuna aliyeiita hivyo. Wote tulisema AS/400, jina ililozaliwa nalo mwaka 1988, na programu zake ziliandikwa kwa RPG, lugha ya programu ya IBM. Nilikaa na amri ya FNDSTRPDM, inayotafuta neno ndani ya chanzo cha programu, nikapekua maktaba moja baada ya nyingine. Nilipomaliza nilikuwa na programu 31 ambazo kila moja ilikokotoa ada kivyake.

Nilimpelekea orodha mzee wetu wa kitengo, mtu aliyeanza RPG siku za diski kubwa kama sinia. Akaisoma taratibu, akavua miwani. "Kijana wangu," akasema, "hapa unaona programu thelathini na moja. Mimi naona mtu mmoja aliyenakili mara thelathini."

Alikuwa anasema kweli, na ukiijua historia ya lugha yenyewe huwezi kumlaumu mtu huyo sana. RPG ilianza 1959 kwa ajili ya mashine ya IBM 1401, kazi yake ikiwa kusoma kadi na kuchapa ripoti. Kwa miaka mingi kitu pekee kilichofanana na kipande cha kutumia tena kilikuwa subrutini, ile inayofunguliwa na BEGSR na kuitwa kwa EXSR. Subrutini haipokei vigezo, yaani thamani za kufanyia kazi kutoka kwa anayeiita, wala haina vibadilika (sehemu za kuhifadhi thamani) vyake yenyewe; inachezea vibadilika vya programu nzima. Ukitaka kuitumia kwenye programu nyingine, unaichukua kama ilivyo na kuhakikisha huko iendako kuna vibadilika vya majina yale yale. Njia nyingine ilikuwa kuandika programu kamili na kuiita kwa CALL, lakini nani aandike programu nzima kwa ajili ya mstari mmoja wa kuzidisha? Watu walinakili. Toleo la RPG IV lilikuja 1994, na prosija, vipande vinavyopokea vigezo na kuwa na vibadilika vyake, zikafuata muda mfupi baadaye, lakini mazoea yalikuwa yameshaota mizizi.

Kunakili huko kulikuwa na deni lake. Nilipozipanga nakala 31 kando kwa kando niligundua hazifanani. RPG, usipoiambia vinginevyo, haikadirii desimali, inazikata. Ukitaka ikadirie, unaweka H kwenye EVAL, amri ya kukokotoa, au unatumia %DECH. Baadhi ya nakala zilikuwa na H, nyingine hazikuwa nayo. Chukua akaunti ya dola yenye ada ya 3.75: asilimia 18 yake ni 0.675. Nakala moja ingesema 0.68 kwenye taarifa ya mteja, nyingine ingepeleka 0.67 kwenye leja. Senti moja. Mtu asiyewahi kukaa na mkaguzi wa hesabu anaweza kucheka. Sisi tulikuwa tumeshawahi kukaa naye.

Kwa hiyo tuliamua ukokotoaji wa kodi ukae mahali pamoja tu. Tuliandika moduli isiyo na programu kuu, yaani yenye NOMAIN, ndani yake prosija mbili. Hii ndiyo iliyobeba kazi:

```
ctl-opt nomain;
/copy qprotosrc,kodipr

dcl-proc kodiYaAda export;
  dcl-pi *n packed(15:2);
    ada    packed(15:2) const;
    tarehe date const;
  end-pi;

  return %dech(ada * kiwangoChaKodi(tarehe) : 15 : 2);
end-proc;
```

Ni fupi, lakini kuna mambo matatu yaliyotugharimu mabishano ya siku mbili.

La kwanza ni tarehe. Rasimu yangu ilipokea ada peke yake na kuzidisha kwa 0.18. Mzee akauliza swali moja: ada iliyokatwa 28 Juni kimakosa, ikirudishwa kwa mteja 5 Julai, inarudishwa na kodi? Haikuwahi kutozwa kodi, kwa hiyo irudi bila kodi. Prosija isiyojua muamala ulifanyika lini haiwezi kujibu. Tukaongeza tarehe, na kiwango tukakitoa kwenye msimbo kabisa, kikakaa kwenye faili dogo lenye tarehe ya kuanza na asilimia yake. Prosija ya pili, kiwangoChaKodi, kazi yake ni kusoma faili hilo.

La pili ni neno CONST. Programu zile 31 zilikuwa na ada za urefu tofauti: moja tarakimu 9, nyingine 11, nyingine 13. Bila CONST, kikompaila, yaani kinachogeuza chanzo kuwa programu, kinadai kigezo kifanane kabisa na kilichotangazwa. Ukiiweka, kikompaila kinatengeneza nakala ya muda yenye urefu sahihi na kuipeleka hiyo, na unaweza hata kupitisha hesabu nzima, kama ada jumlisha gharama ya ujumbe. Kwa prosija inayotaka kuitwa na watu usiowajua, sioni sababu ya kuiacha, isipokuwa kama kweli unataka kubadilisha thamani ya mwitaji.

La tatu ni mstari wa /copy. Ule ni mfano wa prosija, maelezo ya jinsi inavyoitwa, uliokaa kwenye faili moja ambalo waitaji wote wanalichota. Ukilichota pia ndani ya moduli yenyewe, kikompaila kinalinganisha maelezo na prosija halisi, na vikipishana kinakataa. Nimeona mahali watu wanaandika mfano kwa mkono ndani ya kila programu. Hapo kunakili kumerudi kupitia mlango wa nyuma.

Kwenye kiwangoChaKodi nilitaka kujionyesha fundi. Kusoma faili kila mara niliona ni ubadhirifu, nikahifadhi kiwango kwenye kibadilika chenye STATIC, ambacho hakifutiki prosija inapomaliza. Majaribio yakaenda vizuri mpaka tulipojaribu usiku wa 30 Juni. Jobu za ATM, yaani kazi zinazoendeshwa ndani ya mashine kuzihudumia, haziwaki na kuzima kama za makarani wa dirishani. Zinaweza kukaa hewani siku nyingi. Jobu iliyouliza kiwango mara ya kwanza tarehe 30 ilihifadhi sifuri, na ingeendelea na sifuri hiyo baada ya saa sita usiku, na kesho yake, na keshokutwa. Bahati yetu tuliikamata kwenye mazingira ya majaribio. Tukahifadhi tarehe pamoja na kiwango, tarehe ikibadilika prosija inasoma upya.

Moduli ikafungamanishwa kuwa programu ya huduma, yaani ghala la prosija zinazoitwa na programu nyingine, tukaiita KODISRV, ikaingizwa kwenye saraka ya kufungamanisha ili waitaji waipate bila kuitaja kila mara. Programu nyingi zilihitaji kubadilishiwa mpangilio wa kuundwa uitwao DFTACTGRP uwe *NO, maana bila hivyo RPG haikubali wito wa aina hii. Programu nne zilikuwa bado RPG III, toleo la zamani, ambayo haijui prosija wala aina ya data ya tarehe. Hizo tuliziwekea programu ndogo ya mpito: inaitwa kwa CALL ya zamani, inapokea tarehe kama namba ya tarakimu nane, inaigeuza, inaiita prosija na kurudisha jibu. Kuziandika upya zote nne kwa wiki tatu ingekuwa kujitafutia balaa.

Julai ikapita salama. Mwezi Agosti ndipo nilipojifunza kitu ambacho hakikuwa kwenye msimbo hata kidogo.

Idara ya biashara ilileta bidhaa ambazo ada yake ilitangazwa ikiwa na kodi ndani. Mteja anaambiwa 11,800, na kodi iliyomo ni 1,800. Ukichukua asilimia 18 ya 11,800 unapata 2,124, ambayo si kweli. Inabidi uzidishe kwa 18 na kugawa kwa 118. Nikaandika prosija ya tatu, kodiNdani, yenye vigezo vile vile: kiasi na tarehe. Nikaibadilisha moduli, nikaiunda upya KODISRV, nikakompaili upya programu nne zilizohitaji prosija hiyo mpya, nikaweka zote kwenye mfumo wa kazi, ule unaohudumia wateja. Ilikuwa saa nane mchana, 31 Agosti. Naam, mchana wa siku ya kufunga mwezi. Nisiulizwe.

Jioni makarani walimaliza kazi bila shida yoyote. Saa nne usiku jobu ya kufunga mwezi ikaanguka, na ujumbe wake ulikuwa MCH4431: saini ya programu haikubaliki. Nikaianzisha tena, ikaanguka tena pale pale. Nikampigia mzee.

Alikuja na kanzu yake ya kulalia ikiwa ndani ya koti. Hakugusa chanzo. Alifungua DSPPGM, amri ya kuonyesha maelezo ya programu, kwa ile iliyoanguka, akaangalia orodha ya programu za huduma inazozitegemea na saini iliyoandikwa pembeni ya KODISRV. Kisha akafungua DSPSRVPGM, amri kama hiyo ya programu za huduma, kwa KODISRV yenyewe, akaangalia saini zake. Saini mbili tofauti. "Uliijenga na nini kwenye EXPORT?" akauliza. Nikamwambia *ALL. Akaguna.

Maelezo yenyewe ni haya, nami niyaeleze polepole kwa sababu siku hizo nilikuwa nayasoma bila kuyaelewa. Programu ikifungamanishwa na programu ya huduma haibebi msimbo wa prosija. Inabeba mambo mawili: saini ya programu ya huduma, yaani alama ya kuitambulisha, kama ilivyokuwa siku hiyo, na nafasi ya prosija kwenye orodha ya prosija zilizotangazwa nje. Hainukuu jina. Inasema tu, nipe ya pili. Ukitumia *ALL, mfumo unapanga prosija zote zilizotangazwa kwa alfabeti na kutengeneza saini kutokana na majina hayo na mpangilio wake. Ukiongeza jina moja saini inabadilika, na programu yoyote iliyobeba ile ya zamani inakataliwa inapoamilishwa. Mfumo unakulinda: nafasi huenda zimehama, ni heri uanguke kuliko uite kisicho chako.

Nikauliza kwa nini makarani hawakuanguka mchana kutwa. Kwa sababu kitu kikiundwa upya juu ya cha zamani, AS/400 haikifuti kile cha zamani. Inakihamishia maktaba ya QRPLOBJ, na jobu zilizokwisha kukishika zinaendelea nacho huko. Makarani waliingia asubuhi. Walishinda wanatumia KODISRV ambayo kwenye maktaba yetu ilikuwa imeshaondoka. Jobu ya usiku ilikuwa ya kwanza kubisha hodi mlangoni upya.

Suluhisho la usiku ule lilikuwa kurudi nyuma. Mzee akaitoa kodiNdani kwenye moduli, akaunda KODISRV upya, na ile saini ya zamani ikarudi herufi kwa herufi, kwa kuwa inatokana na majina, na majina yalikuwa yale yale mawili. Programu zangu nne zikarudishwa toka kwenye akiba. Saa saba na nusu usiku mwezi ukafungwa. Tulikunywa chai ya mlinzi.

Wiki iliyofuata tuliachana na *ALL. Tukaandika orodha ya kufungamanisha, faili dogo linalotaja prosija za kutangazwa nje kwa mpangilio tunaoutaka sisi, na saini tukaiweka kwa mkono:

```
STRPGMEXP SIGNATURE('KODISRV')
  EXPORT SYMBOL('KIWANGOCHAKODI')
  EXPORT SYMBOL('KODIYAADA')
ENDPGMEXP
```

Majina ni ya herufi kubwa kwa sababu ndivyo RPG inavyoyatoa usipoiambia vingine. Tukakompaili waitaji wote Jumamosi moja ili wabebe saini mpya, na tangu hapo saini haibadiliki hata tukiongeza prosija mia.

Mzee mwenyewe hakupenda sana saini ya mkono. Alipendelea ile njia nyingine, ya kuweka orodha ya sasa na chini yake orodha za zamani zenye *PRV, ili programu ya huduma iwe na saini kadhaa na mfumo uendelee kuzikokotoa. "Ukiiandika saini mwenyewe," alisema, "umemwambia mlinzi akalale." Nilimwona kama mtu wa zamani mwenye mashaka ya zamani. Orodha za *PRV zinarefuka kila ukiongeza kitu, na baada ya miaka mitano nani ataelewa ipi ni ya nini? Hadi leo natumia saini ya mkono. Lakini alichosema kilinipata ndani ya wiki mbili.

KodiNdani ilikuwa bado inasubiri. Nikairudisha, safari hii kwa ustaarabu, kupitia orodha. Na kwa kuwa napenda vitu viwe nadhifu, nikaiweka mahali pake kialfabeti:

```
  EXPORT SYMBOL('KIWANGOCHAKODI')
  EXPORT SYMBOL('KODINDANI')
  EXPORT SYMBOL('KODIYAADA')
```

Hakuna kilichoanguka. Saini ilikuwa ile ile, waitaji wote walipita, jobu zote za majaribio zilimaliza kwa amani. Niliandika kwenye ripoti kwamba mabadiliko yako tayari kuingia kwenye mfumo wa kazi.

Aliyetuokoa ni dada mmoja wa uhasibu aliyekuja kukagua majaribio na kikokotoo chake cha mezani, chenye vitufe vilivyofutika namba. Akachukua muamala wa kwanza: ada 10,000. Akabofya. Akaniangalia. "Kaka, elfu kumi kwa asilimia kumi na nane ni elfu moja mia nane. Hii elfu moja mia tano ishirini na tano na senti arobaini na mbili mmeitoa wapi?"

Nilijua ilikotoka kabla hajamaliza kusema. 10,000 mara 18, gawa kwa 118, ni 1,525.42. Programu zilizofungamanishwa zamani zilikuwa zinasema nipe ya pili, na ya pili sasa ilikuwa kodiNdani. Vigezo vilifanana, jibu lilifanana aina, saini niliyoiandika kwa mkono ilisema kila kitu kiko sawa. Kama prosija hizo zingekuwa na vigezo tofauti, labda kitu kingepasuka na kutushtua. Kufanana kwake ndiko kulikoficha kosa. Lingeingia kwenye mfumo wa kazi, tungetoza kodi pungufu kwenye kila ada ya benki, na tungeligundua siku ya kupeleka ritani.

Nilihamisha mstari mmoja kwenda chini. Hayo ndiyo marekebisho yote. Juu ya orodha nikaandika maelezo kwa Kiswahili: KIPYA KIWEKWE MWISHONI. USIPANGE. USIFUTE. Kufuta nako ni kuhamisha nafasi. Prosija iliyokufa inaachwa palepale ikirudisha sifuri, kama kiti cha marehemu kwenye baraza.

Kuna pembe moja ambayo saini haiioni kabisa, iwe ya mkono au ya mfumo, nayo ni vigezo. Baadaye tulihitaji kumpa kodiYaAda kigezo cha tatu, aina ya huduma. Saini inajua majina na mpangilio tu. Ungeongeza kigezo cha lazima, programu za zamani zingeendelea kupeleka viwili na prosija ingesoma cha tatu kutoka mahali pasipojulikana kwenye kumbukumbu. Tukakiweka mwisho kabisa kikiwa na *NOPASS, yaani si lazima kitumwe, na ndani ya prosija tukaangalia %PARMS, idadi ya vigezo vilivyotumwa, kabla ya kukigusa. Anayetuma viwili anapata tabia ya zamani.

Baada ya hapo vijana wapya walitaka kila kitu kiwe prosija ya pamoja. Kulikuwa na pendekezo la programu ya huduma ya kuunganisha jina la kwanza na la ukoo. Nililikataa. Kitu kinachotumiwa na programu mbili, ambacho hakuna sheria wala mkaguzi anayekibana, kinaweza kukaa ndani ya programu hizo mbili bila dhambi yoyote. Kukitoa nje ni kujiongezea orodha ya kutunza. Kodi ilistahili kwa sababu bunge linaweza kuibadilisha kwa wiki tatu.

Zile namba za dada wa uhasibu sasa ni programu. Kila KODISRV ikiundwa, kabla haijatoka kwenye mazingira ya majaribio, inaitwa na programu moja ndogo ambayo haikompailiwi upya kamwe, ya tangu ile Jumamosi, iliyobeba nafasi za siku ile. Inapeleka ada ya 10,000 ya tarehe 1 Julai 2016 na kusubiri 1,800. Inapeleka 3.75 na kusubiri 0.68. Mwisho inapeleka 10,000 ya tarehe 30 Juni na kusubiri sifuri. Programu ya pili ya majaribio, ya 11,800 iliyo na kodi ndani, iliandikwa baadaye, iko peke yake, nayo pia inasubiri 1,800.